Hesabu ya Mali Dukani

Mwenye duka amenunua kilo 50 za sukari. Daftari lasema ameuza kilo 46, lakini katika gunia zimo kilo 2 tu. Je, nyingine zimekwenda wapi? Wengi hudhani mara moja ya kuwa mtumishi ameiba. Huenda ameiba kweli. Lakini mali hupotea kwa njia nyingi. Mnunuzi huficha kitu nguoni. Panya hutoboa gunia. Mizani mbovu huzidisha kipimo. Mwenye kuleta bidhaa hupunja. Hata mwandishi hukosea.

Tena hasara hiyo si ndogo. Tuseme kilo moja hununuliwa kwa shilingi 2,700, nayo huuzwa kwa shilingi 3,000. Faida ni shilingi 300. Basi kilo moja ikipotea, yampasa kuuza kilo 9 nyingine ndipo arudishe fedha zake.

Dawa yake ni hii: pima bidhaa zinapoingia, andika kila kinachouzwa, kisha hesabu vilivyobaki kila juma na kuvilinganisha na daftari. Hesabu humfichua mwizi, nayo humwokoa mtumishi asiye na kosa.

Maswali
1. Ili kufidia kilo 2 zilizopotea, auze kilo ngapi?
2. Kwa nini si haki kumshitaki mtumishi kabla ya kuhesabu?