Tabia Kazini: Nani Atakusemea Kandarasi Ikiisha?

Vijana wengi katika kaunti yetu hutia bidii kutafuta vyeti, na hilo ni jema. Lakini cheti hukuingiza kazini tu. Jinsi unavyoishi na wenzako ndiyo huamua kama utapandishwa cheo au kuongezewa kandarasi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inakupa haki ya kupata cheti cha utumishi unapoondoka kazini, mradi umefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho huonyesha aina ya kazi, mahali na tarehe ulizoanza na kumaliza. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kukuandikia barua ya kusifu tabia au utendaji wako. Hiyo ni hiari yake. Nazo fomu nyingi za kuomba kazi huitisha majina ya wadhamini. Jichunguze basi kuhusu tabia hizi nne.

1. Kujitetea kila unaporekebishwa
Tuseme karani ameandika kiasi kisicho sahihi kwenye risiti. Msimamizi anapomweleza, anajibu: "Si mimi peke yangu, hata fulani hukosea." Jibu lenye faida ni fupi: "Ni kweli, nimekosea. Nitarekebisha kabla ya saa kumi." Msimamizi akichoka kubishana nawe, ataacha kukurekebisha. Usidhani mambo yametulia. Huenda tayari anamtafuta mtu mwingine wa kumpa kazi hiyo.

2. Kujitwalia sifa za wenzako
Mmefanya kazi watu watatu, lakini mbele ya mkubwa unasema "nilifanya". Wenzako husikia, na kesho ukihitaji msaada watakuwa na shughuli nyingi. Taja majina yao. Kumsifu mwenzako hakukupunguzii chochote.

3. Kusengenya na kutukana
Siku hizi maneno hayaishii kwenye chai ya saa nne. Ujumbe wa kundi la WhatsApp hupigwa picha na kumfikia anayesemwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kumtukana mwajiri au msimamizi kunaweza kuwa sababu ya kufutwa papo hapo chini ya kifungu cha 44. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinataka usikilizwe kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua.

4. Kuwadharau walio chini yako
Mlinzi, mfagiaji na kibarua huona mengi. Wasalimie, na ukiwatuma sema "tafadhali". Kibarua wa leo anaweza kuwa msimamizi wako kesho.

Adabu si kunyamazia uonevu
Kuishi vizuri na watu hakumaanishi kuvumilia dhuluma. Ukiombwa hongo au ukinyanyaswa kingono, ripoti. Kifungu cha 6 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Una haki ya kuiuliza.

Zoezi la mwezi huu
• Chagua wenzako wawili unaowaamini, mmoja awe wa cheo cha chini kuliko chako.
• Waulize: "Ni jambo gani moja nikilibadilisha tutafanya kazi vizuri zaidi?"
• Sikiliza bila kujitetea. Sema asante, kisha liandike.
• Baada ya wiki nne, rudi uwaulize kama wameona mabadiliko.

Jibu la kwanza huenda likakuuma. Lipokee. Ni afadhali kuliambiwa leo na rafiki kuliko kulisoma kwenye barua ya kukunyima kandarasi, tena barua isiyotaja sababu.