Donge la Nywele Tumboni: Yanayowahusu Wazazi na Walezi

Mara nyingi anayegundua kwanza ni anayemsuka mtoto. Anapogawa mistari kwa kitana anakuta, juu ya sikio, mahali palipopungua nywele: nyingine zimekatika karibu na ngozi, nyingine ndefu kidogo. Si mapunye, maana ngozi ni safi, haina magamba. Hapo muulize mtoto kwa upole kama anazing'oa, na kama anazing'oa, huzipeleka wapi.

Wapo wanaozimeza. Tatizo hili huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Wengi hung'oa wakiwa na wasiwasi au huzuni, au wakiwa wametulia tu wakisubiri usingizi, mkono ukienda kichwani bila wao kujua. Huo si ukaidi, na hakuna aliyemroga.

Tumbo letu husaga nyama na maharage, lakini unywele haliuwezi. Tena unateleza, kwa hiyo tumbo linapojikamua kusukuma chakula, wenyewe unabaki kwenye mikunjo. Unakuja wa pili, wa mia, zinasokotana, ute na mabaki ya chakula yananasa humo. Baada ya miezi au miaka donge hujaza tumbo na kuchukua umbo lake. Asidi hulifanya jeusi, na chakula kinachooza ndani yake hutoa harufu mbaya mdomoni ambayo mswaki hauiondoi.

Mwaka 2007 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilieleza habari za msichana wa miaka 18 aliyeumwa tumbo kwa miezi mitano na kupungua kilo 18. Alipopasuliwa lilitolewa donge la nywele la kilo 4.5, karibu uzito wa mfuko wa unga wa kilo tano. Alipona.

Mtoto mwenye donge hushiba kwa matonge mawili matatu, hutapika, hukonda, huishiwa damu, na hulalamika maumivu chini ya chembe cha moyo. Ukimpapasa hapo unaweza kuhisi kitu kigumu. Mkia wa nywele ukishuka hadi kwenye utumbo unaweza kuuziba. Tumbo likivimba, akatapika mfululizo na kukosa choo, hiyo ni dharura, msisubiri asubuhi.

Msimpe dawa ya kuharisha wala ya minyoo mkitumaini donge litashuka. Dogo huweza kutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Kubwa huhitaji upasuaji. Kumnyoa hakutoshi, kwani wengine huhamia nywele za mwanasesere au nyuzi za blanketi. Na kumchapa au kumcheka mbele ya wenzake kunamfundisha kujificha tu. Ombeni apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huweza kuambatana na hamu ya kula visivyolika, kama udongo. Ombeni pia akutanishwe na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili, amfundishe kuutambua mkono unapopanda kichwani na kuupa kazi nyingine. Bila hilo, donge linaweza kurudi hata baada ya upasuaji.

Mkifika hospitali, msione haya. Mwambieni daktari waziwazi kwamba mtoto anakula nywele, kwani asipoambiwa anaweza kumtibu vidonda vya tumbo kwa miezi huku donge likikua.