Siku saba bila nchi kavu: nitafanya nini humo melini?

Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 61, nakaa Tanga. Mume wangu amestaafu kazi ya bandari. Kijana wetu mkubwa anafanya kazi Southampton, Uingereza, na dada yake ameolewa New York. Mwakani, Mungu akipenda, tutakwenda kumsalimia kijana, kisha yeye ametulipia meli, ile Queen Mary 2, itutoe Southampton itufikishe kwa dada yake. Siku saba majini, haigusi bandari yoyote njiani.

Mzee furaha haimwishi. Mimi moyo mzito. Siogopi kuzama, Shangazi, naogopa kukaa. Tangu nipate akili zangu sijapata kuamka nikakosa la kufanya. Nimelea watoto watano, nina kiduka cha kanga, na usiku nashona kofia za kiua. Leo nipikiwe, nitandikiwe kitanda, nitazame maji wiki nzima! Naona ni israfu. Tena mzee mwenyewe si msemaji, tutatazamana mpaka lini? Nimefikiri nimwombe kijana atukatie ndege, maana ni saa nane tu. Nishauri.

Mama Kofia, Tanga

Dada yangu,

Usimwombe abadilishe. Hilo ndilo jibu langu, na sababu zake ni hizi.

Kwanza tuiondoe hiyo israfu. Israfu ni kupoteza neema, na mapumziko ya mtu aliyechoka ni neema yenyewe. Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema akifika kivulini aendelee kulima. Wewe umechuma, na aliyekutandikia mkeka kivulini ni mtoto uliyemlea kwa kofia hizo hizo. Ukiukataa, atakayeumia ni yeye.

Sasa hofu yako ya kukaa. Hii ni hofu ya kweli, na inawapata wengi waliozoea kazi. Siku ya kwanza hupita kwa kushangaa, maana meli ina urefu wa mita 345 na mtu hupotea akitafuta chumba chake. Siku ya pili au ya tatu ndipo mikono huanza kuwasha. Kila jioni mtaletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho: mihadhara, muziki, mafunzo ya dansi, chai ya alasiri, michezo ya kuigiza. Wenye hofu kama yako huikimbilia karatasi ile toka asubuhi hadi usiku, wakafika New York hoi kuliko walivyoondoka. Usifanye hivyo. Chagua jambo moja tu la asubuhi na moja la jioni. Saa zilizobaki ziache zipite zenyewe.

Beba na kofia. Moja, ambayo haina mteja anayeingoja. Ipo maktaba kubwa upande wa mbele wa meli, yenye viti vya kukaa ukatazama bahari, na hakuna atakayekuuliza kwa nini huna kitabu. Shona tundu mbili, inua macho, shona nyingine. Mchana wote ukipita umemaliza ua moja tu, siku hiyo umeitumia vizuri. Sindano na mkasi viweke katika sanduku la kukabidhi uwanja wa ndege, visije vikachukuliwa ukaguzini.

Utagundua pia kwamba wakati wenyewe unaongezeka. New York iko nyuma ya Southampton kwa saa tano, kwa hiyo mkielekea magharibi saa za melini hurudishwa nyuma saa moja, usiku mmoja baada ya mwingine, mpaka tano zitimie. Siku hizo zina saa 25. Lala, dada yangu. Saa hiyo ya ziada hakuna mteja anayeidai.

Umetaja Mungu, na hapo nakupa shughuli ambayo haimo katika karatasi yao. Sala hufuata jua, hazifuati tangazo la melini, na kila siku nyakati zitasogea. Kibla nacho kitahama nanyi: Southampton utaelekea kusini-mashariki, ukifika New York utaelekea kaskazini-mashariki, na katikati ya Atlantiki ni karibu mashariki kabisa. Chukueni dira ndogo. Kwa kuwa ni wasafiri, mna ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Shehe wenu wa mtaani awaeleze taratibu kabla hamjaondoka. Mambo ya chakula cha halali kijana ayaulize mapema, asingoje siku ya kupanda.

Nimeliacha la mzee makusudi, kwa sababu ndilo zito. Hebu fikiri. Mwanamume huyu amekula umri wake katika bandari ya Tanga, ambako kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikaletwa gatini kwa matishali. Amezitazama zikija na zikiondoka. Safari hii yeye ndiye anayeondoka nayo. Unataka kumpandisha ndege?

Ukimya wake usikutishe. Watu wasio wasemaji hufunguka wakiulizwa wanachokijua. Adhuhuri nahodha hutangaza meli ilipo, upepo unavuma vipi na mambo ya bahari. Muulize mzee maana yake. Mkikaribia Newfoundland, ambako mkondo wa maji ya joto unakutana na ule wa baridi, huenda mkaingia ukungu mzito, na honi ikawa inalia. Mojawapo ya honi zile ilitolewa katika meli ya zamani, Queen Mary ya kwanza. Habari ya namna hiyo mtu wa bandari hawezi kuisikia akanyamaza. Tena tokeni mkatembee. Kuna sitaha inayoizunguka meli nzima, na mzunguko mmoja unazidi nusu kilomita. Watu walioshindwa kuongea wakitazamana, mara nyingi huweza wakitembea bega kwa bega. Na asubuhi kila mtu awe na saa zake: yeye sitahani, wewe maktaba. Mkikutana mezani mtakuwa na la kusimuliana.

Yaliyobaki ni ya matayarisho. Viza ya Marekani iwe tayari kabla hamjatoka nyumbani, la sivyo hamtapandishwa. Dawa za presha, kama mnatumia, ziwe katika mkoba wa mkononi, na bima ya safari iwepo, maana daktari wa melini hulipwa. Mwombe kijana chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Kichefuchefu kikianza tazameni upeo wa bahari, na tangawizi msiisahau. Chakula kimo katika nauli. Intaneti, picha na kukandwa mwili hulipiwa mbali. Chukueni masweta na makoti ya upepo, Atlantiki ya kaskazini ina baridi hata kiangazi. Asubuhi ya mwisho amkeni mapema mno, mkapite mkiwa sitahani chini ya daraja la Verrazzano, mlangoni mwa bandari ya New York.

Na nyinyi vijana mnaowalipia wazazi safari za mapumziko, msitume tiketi peke yake. Mpigie mama simu, mweleze siku itakavyokwenda tangu alfajiri mpaka usiku, na mwambie kwa kinywa chako kwamba amefanya kazi ya kutosha. Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.