Huduma za Benki kwa Njia ya Simu: Somo kwa Mteja Mwenye Tahadhari

Katika shehia zetu wapo wananchi wengi ambao hadi leo hawajaziamini huduma za kifedha zinazotolewa kwa simu na kwa intaneti. Miongoni mwao ni wazee wanaopokea pencheni, wakulima wa mwani na wafanyabiashara wadogo waliozoea kuishika fedha mkononi ndipo waihesabu kuwa ni yao. Makala haya hayakusudii kuwacheka wala kuwalazimisha. Mtu anayeuliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha zake ana sifa njema, na sifa hiyo ndiyo inayohitajika zaidi katika huduma hizi. Kinachohitaji kusahihishwa ni mahali tahadhari hiyo inapoelekezwa. Wengi wetu tunauogopa mtambo, ilhali khasara nyingi huanzia katika mazungumzo.

Tulikotoka

Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzishwa mwaka 1966. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mkaazi wa Makunduchi, Mtende au Kizimkazi aliyetaka kuweka au kutoa fedha benki alilazimika kwenda mjini, masafa marefu. Safari hiyo ilimgharimu nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi. Alirejea jioni katika gari ya abiria akiwa na fedha taslimu mfukoni, na khatari ya kuibiwa ilikuwa yake mwenyewe.

Mabadiliko yalianza mwaka 2007, pale huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya. Mwaka uliofuata huduma za aina hiyo ziliingia Tanzania, na kampuni ya Zantel, iliyokuwa na wateja wengi hapa Visiwani, ikaanzisha huduma yake ya Z-Pesa, ambayo baadae iliitwa Ezy Pesa. Benki nazo zikafuata kwa kuwawezesha wateja kuangalia salio, kuhamisha fedha na kulipa bili kwa simu. Leo mwananchi aliyeko Muyuni anaweza kununua umeme wa TUKUZA usiku wa manane, kumtumia mtoto aliyeko skuli fedha za matumizi, au kulipia huduma ya Serikali kupitia mfumo wa ZanMalipo bila ya kutoka nyumbani kwake.

Manufaa haya si madogo kwa wilaya kama yetu. Pencheni Jamii, inayotolewa kwa wazee waliotimiza umri wa miaka 70, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa malipo ya kiasi hicho, nauli peke yake ya kuyafuatia mjini ingeondoa sehemu kubwa ya thamani yake.

Fedha zinakaa wapi?

Swali la kwanza la mteja mwangalifu ni hili: nikituma fedha zangu katika simu, zinakwenda wapi? Simu yenyewe haihifadhi fedha. Ikianguka baharini au ikiibiwa, salio halipotei pamoja nayo. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, kampuni inayotoa huduma ya fedha kwa simu inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na inatakiwa kuziweka fedha za wateja katika akaunti ya amana benki, mbali na fedha za uendeshaji wa kampuni.

Kwa upande wa akaunti za benki, ipo Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifilisika, mteja analipwa fidia hadi kufikia shilingi 7,500,000. Ni muhimu kuelewa mpaka wa kinga hiyo. Bima inamlinda mteja dhidi ya kuanguka kwa benki. Haimlindi aliyempa mtu mwengine namba yake ya siri.

Sanduku la kufuli tatu

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua vyema sanduku la kikundi. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kulifungua. Hata sanduku zima likichukuliwa, aliyelichukua bado ana kazi ya kulivunja.

Akaunti ya simu imejengwa kwa fikra hiyo hiyo. Kufuli ya kwanza ni laini ya simu, iliyosajiliwa kwa jina na alama za vidole vya mwenyewe. Ya pili ni namba ya siri. Ya tatu, katika huduma nyingi za benki, ni namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi na kutumika mara moja tu. Tofauti ni kwamba katika kikundi funguo zimegawanywa kwa watu watatu, na hapa zote ziko kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kuvunja chochote. Anachohitaji ni kumshawishi mtu huyo mmoja azitoe funguo kwa hiari yake.

Mwizi anayekuja kwa maneno

Kwa sababu hiyo, utapeli unaowasibu wananchi wengi hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Ujumbe maarufu nchini mwetu ni ule unaosema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtapeli huutuma kwa watu wengi bila ya kuwajua. Miongoni mwao hakosekani mmoja aliyekuwa kweli anadaiwa, au aliyekuwa karibu kumtumia ndugu yake fedha, naye hutuma bila ya kuuliza.

Aina ya pili ni ya muamala wa uongo. Unapokea ujumbe kwamba umetumiwa fedha, kisha mtu anakupigia akilalamika kuwa amekosea namba na anaomba umrejeshee. Ukiangalia kwa makini, ujumbe ule umetoka katika namba ya kawaida ya simu, na salio lako halikuongezeka. Hata pale fedha zinapokuwa zimeingia kweli kwa makosa, usizirejeshe wewe mwenyewe. Mwambie aliyekosea awasiliane na kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kuurejesha muamala.

Aina ya tatu ni ya mtu anayejitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu. Atasema akaunti yako inafungwa, au umeshinda zawadi, kisha atataka namba ya siri, au namba iliyotumwa sasa hivi katika simu yako, au atakuelekeza kubonyeza namba fulani. Kampuni za simu nchini huwasiliana na wateja wao kwa namba 100. Na mfanyakazi wa kweli, awe wa benki au wa kampuni ya simu, hana haja ya namba yako ya siri kwa kazi yoyote ile.

Aina ya nne huwalenga wazazi. Mtu anapiga simu akisema mtoto ameugua ghafla skuli na fedha za matibabu zinahitajika dakika hiyo hiyo. Mzazi mwenye moyo wa huruma hutuma kwanza na kuuliza baadae.

Aina zote nne zina jambo moja linalozifanana, nalo ni haraka. Mtapeli anajua kwamba mtu akipata robo saa ya kufikiri, au akimuuliza jirani, hatotuma. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mteja mwangalifu ni kutofanya muamala wowote anaoharakishwa kuufanya. Kata simu, kisha mpigie ndugu, mwalimu au benki kwa namba unayoijua tangu zamani, si kwa ile uliyopewa na aliyekupigia.

Msaada wa nyumbani

Liko jambo jengine ambalo huzungumzwa kwa nadra, kwa sababu linagusa heshima ya familia. Wazee wengi humpa mjukuu au jirani simu pamoja na namba ya siri ili awatolee fedha. Wengi wa wasaidizi hao ni waaminifu. Lakini fedha zikipungua, mzee hana njia ya kujua ni nani aliyechukua, na shaka ikishaingia katika nyumba huondoa mapenzi pamoja na fedha.

Njia iliyo salama kwa pande zote mbili ni mzee kujifunza kubonyeza namba ya siri yeye mwenyewe, hata kama hatua nyengine zote anasomewa na mjukuu. Kama macho au vidole havimruhusu, achaguliwe msaidizi mmoja kwa ushahidi wa mwanafamilia mwengine, na ujumbe wa kila muamala uhifadhiwe bila ya kufutwa ili usomwe mbele ya wote. Utaratibu huu unamlinda pia yule kijana asiye na kosa. Kwa wakala nako, usiitoe simu mkononi mwako wakati wa kuingiza namba ya siri. Wakala hahitaji kuijua namba hiyo.

Mazoea ya mteja mwangalifu

Kwa anayetaka kuanza, tunapendekeza mambo yafuatayo:

1. Tenganisha fedha za matumizi na akiba. Katika simu weka kiasi cha matumizi ya wiki tu, na akiba iliyobaki iache katika akaunti ya benki. Likitokea la kutokea, khasara itakuwa ndogo.

2. Anza kwa kiasi kidogo. Tuma shilingi elfu moja kwa mtu wa nyumbani, muangalie pamoja jinsi ujumbe unavyofika, kisha rudieni hadi mzoee.

3. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Mfumo hukuonesha jina la mpokeaji. Likiwa si lile unalolitarajia, acha.

4. Chagua namba ya siri isiyokuwa mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za mwisho za simu yako, na usiiandike katika kifuniko cha simu.

5. Programu ya benki ipakue kutoka katika duka rasmi la programu la simu yako, au iwekewe na wafanyakazi wa tawi la benki. Usiifungue kwa kiungo ulichotumiwa kwa ujumbe.

6. Bonyeza *106# ili kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiiona usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafungwe.

7. Simu ikipoteza mtandao ghafla kwa muda mrefu wakati za wenzako zinafanya kazi, usipuuze. Huenda mtu ameibadilisha laini yako kwa jina lako. Wasiliana na kampuni kwa simu ya mtu mwengine.

Siku mtandao unapokosekana

Mteja mwangalifu ana haki pia ya kuuliza: na umeme ukizimika? Unguja inalijua jibu kwa uzoefu. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilikosa kwa takriban miezi mitatu. Mei 2024, hitilafu ya mikonga ya chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini kote. Kwa hiyo si busara kuondoa kabisa fedha taslimu nyumbani. Weka kiasi cha kutosha chakula, dawa na nauli kwa siku chache. Akiba yote ya mwaka ikiwa chini ya godoro, hata hivyo, moto mmoja au mwizi mmoja anatosha kuimaliza, na kwa khasara hiyo hakuna bodi wala kampuni ya kuiendea.

Ukiwa umeshatapeliwa

Dakika za mwanzo zina thamani kubwa, kwani fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Kwanza, piga namba 100 ya kampuni yako ya simu, au namba ya huduma ya benki yako, uombe muamala uzuiliwe na akaunti ifungwe kwa muda. Pili, badilisha namba ya siri. Tatu, tuma ujumbe wa utapeli pamoja na namba ya mtapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nne, ripoti kituo cha Polisi ukiwa na ujumbe wenyewe katika simu, usiufute. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika pia Zanzibar. Kama malalamiko yako kwa benki hayakupatiwa ufumbuzi, unaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Zanzibar.

Aliyetapeliwa asione haya kusema. Mtapeli hufaidika na ukimya, kwani ujumbe aliomtumia mmoja leo huutuma kwa jirani kesho. Mueleze sheha wako, na waeleze wenzako msikitini, barazani au ufukweni mnapovuna mwani.

Mwisho, wananchi wanakumbushwa kwamba ada na malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa ZanMalipo, na mlipaji hupata risiti. Atakayekutaka utume ada kwenye namba yake binafsi ya simu, kwa jina la ofisi yoyote, usimtumie. Fika ofisini uulize kwanza.