Usinunue Baridi Iliyo Nje ya Dirisha Lako

Haya wadogo zangu, vuteni viti. Barua ya wiki hii imetoka Kanduyi, Bungoma. Ni ya mama wa mtoto wa miezi 7 anayeishi kwenye nyumba ya kupanga, mabati juu, dari hakuna. Jua la Januari lilipokaza, mtoto akawa halali, na bwana akanunua kiyoyozi cha mtumba kwa nia njema kabisa. Tokeni za shilingi 500 zilizokuwa zikiwafikisha wiki mbili sasa zinakwisha kwa siku nne. "Dada, nikiuze au nivumilie?" ananiuliza. Na nyumbani maneno yameshaanza.

Mdogo wangu, kwanza usimlaumu mzee wako. Mtoto akilia usiku kucha, mzazi hununua chochote. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Kiyoyozi kidogo hula karibu wati 1,000 kikiwa kinavuta. Ukikiwasha saa tatu usiku hadi alfajiri, hata kikipumzika hapa na pale, yuniti 4 au 5 zimekwenda. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane haifikishi hata nusu yuniti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, ndiyo maana wanadhani mita imeharibika. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani ina madaraja: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia hadi 100, na wanaopita 100. Kampuni ya stima huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Kwa hiyo kiyoyozi cha Januari kinaweza kukupandisha daraja, na kufika Machi au Aprili shilingi 500 ile ile inakupa yuniti chache kuliko zamani, hata siku ambayo hukukiwasha. Umelipa mara mbili.

Sasa tuje kwa chanzo chenyewe. Bungoma si Mombasa. Mombasa usiku joto linabaki na unyevu wake, mtu unaweza kumwelewa. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa manane hewa ya nje hushuka chini ya nyuzi 20. Ina maana mnalipa mtambo utengeneze baridi ambayo iko bure nje ya dirisha. Kwa nini haiingii? Kwa sababu dirisha limefungwa, na najua limefungwa kwa nini: mbu na wezi. Malaria ya upande wetu si mchezo, wala sitakuambia ulale dirisha wazi. Nakuambia mtafute fundi aweke grili na wavu wa mbu kwenye dirisha la chumba cha mtoto, na kwenye jingine la upande wa pili ili hewa ipite. Hiyo ni kazi ya siku moja.

Halafu mabati. Bati lililopigwa na jua la saa nane mchana ni jiko lililowashwa juu ya utosi wako. Hata hewa ikipita dirishani, lile bati linaendelea kukumwagia joto mpaka jua lizame. Dawa yake ni dari. Ongea na mwenye nyumba, mkubaliane mkate gharama kwenye kodi kidogo kidogo, na muweke hilo kwa maandishi. Akikataa, omba ruhusa ya kupaka bati rangi nyeupe juu. Nyeupe hurudisha jua lilikotoka. Bibi zetu walilala chini ya nyasi nene na kuta za udongo, wala hawakuyajua mateso haya. Tulipohamia kwenye mabati tuliiacha ile nyasi bila kuweka kitu mahali pake, na hilo ndilo kosa tunalolilipia.

Msomaji wa Kitale, usicheke ukidhani hayakuhusu. Julai iliyopita nilihudhuria mkutano hotelini hapo mjini. Nje manyunyu, ndani kiyoyozi kinapuliza, mlango wa ukumbi wazi, na akina mama tumejifunika leso mabegani. Nilisimama nikaomba kizimwe, kisha nikakizima mwenyewe. Mji ulio karibu mita 1,900 juu hauhitaji kupozwa mwezi wa Julai, na aliye karibu na swichi asisubiri ruhusa.

Nyumbani Kitale kinachokula stima ni shawa. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inamaliza yuniti nzima kwa dakika 12. Familia ya watu watano wakijimwagia hivyo kila asubuhi, hizo ni yuniti 5, sawa na kiyoyozi cha Kanduyi usiku mzima. Zima wakati unajipaka sabuni. Mfundishe na kijana wako wa kidato cha tatu, yule anayeimba humo ndani.

Narudi kwako, mama wa Kanduyi. Kiuze. Pesa utakazopata ziende kwenye nyavu, feni nzuri na kianzio cha dari. Mpaka mnunuzi apatikane, kama lazima mkiwashe, kiwekeni nyuzi 25, fungeni mlango, osheni kichujio chake kila baada ya wiki mbili, na mkizime mtoto akishalala fofofo. Nyuzi 16 ni baridi mno kwa mtoto wa miezi 7.

Na kabla ya kuzungumza na mzee wako, soma mita leo saa moja jioni, uisome tena kesho saa moja jioni, uandike tofauti kwenye karatasi. Usiku unaofuata laleni bila kiyoyozi, muandike tena. Mwekee karatasi hiyo mezani baada ya chakula, bila ugomvi. Kisha niandikie uniambie alisema nini.