Kidonge Kimoja au Vitatu? Kalsiamu na Kinga dhidi ya Kifafa cha Mimba

Mjamzito wa mimba ya kwanza anayetoka kliniki Magomeni hurudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Iwapo atafuata pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kalsiamu, itampasa kumeza vidonge vingine vitatu kila siku hadi atakapojifungua. Je, vyote vitatu ni vya lazima? Swali hilo lilifanyiwa utafiti mkubwa katika jiji la Dar es Salaam.

Kalsiamu na shinikizo la damu

Kifafa cha mimba hutanguliwa na hali ya hatari: baada ya wiki ya 20 ya ujauzito shinikizo la damu hupanda na kufikia 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Hali hiyo isipodhibitiwa, mama anaweza kupata degedege, kuharibikiwa figo au ini, au kupoteza maisha pamoja na mtoto wake.

Upungufu wa kalsiamu huongeza hatari hiyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba homoni zinazotolewa na mwili ili kufidia upungufu huo hukaza misuli ya kuta za mishipa ya damu. Mishipa ikisinyaa, shinikizo hupanda. Mlo wa chai ya rangi na maandazi, kisha wali na maharage, hushibisha lakini hautoi kalsiamu ya kutosha. Mchicha unayo, ila una pia oksaleti, inayozuia kalsiamu hiyo kufyonzwa vizuri. Maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni vyanzo bora zaidi.

Tangu mwaka 2011, Shirika hilo limependekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa jamii zenye upungufu. Kiasi hicho hugawanywa mara tatu, kwa kuwa utumbo haufyonzi vyema kiasi kikubwa kwa mkupuo. Aidha, kalsiamu huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo hushauriwa isimezwe pamoja na dawa ya kuongeza damu. Kwa mama lishe anayepanda mwendokasi alfajiri kwenda Kariakoo na kurejea jioni, ratiba hiyo ni mzigo. Kwa serikali, vidonge vitatu ni gharama mara tatu.

Utafiti ulivyofanyika

Wanawake 11,000 wa Dar es Salaam na 11,000 wa Bangalore, India, ambao hawakuwahi kuzaa na mimba zao hazijafikia wiki 20, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa miligramu 1,500 kwa siku, jingine 500. Wote walimeza vidonge vitatu. Katika kundi la kiasi kidogo, viwili havikuwa na dawa. Matokeo yalichapishwa Januari 2024 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Dar es Salaam, kati ya kila wanawake 1,000, waliopata hali hiyo ya hatari walikuwa 30 katika kundi la kiasi kidogo na 27 katika kundi la kiasi kikubwa. Bangalore walikuwa 30 na 36.

Namna ya kuyasoma matokeo

Utafiti huu haukukusudia kuonyesha kwamba kiasi kidogo ni bora zaidi. Ulikusudia kuthibitisha kwamba hakipungui nguvu kupita mpaka uliowekwa kabla ya kazi kuanza. Kuhusu shinikizo, mpaka ulikuwa ongezeko la hatari la mara 1.54. Hata kwa makadirio mabaya zaidi, ongezeko la Dar es Salaam lilifikia mara 1.36 tu. Kwa hiyo kidonge kimoja kilifaulu katika nchi zote mbili.

Kuhusu watoto njiti, yaani wanaozaliwa kabla ya wiki 37, mpaka ulikuwa mkali zaidi: mara 1.16. India ilifaulu. Tanzania, kiwango kilikuwa asilimia 10.4 dhidi ya 9.7, na makadirio mabaya zaidi yalifikia mara 1.21, yaani yalivuka mpaka. Hilo halimaanishi kwamba kidonge kimoja kimethibitika kuongeza njiti. Maana yake ni kwamba usawa haukuthibitishwa. Kauli hizo mbili zinatofautiana, na anayeandaa mwongozo wa kitaifa hana budi kuzitenganisha.

Ikumbukwe pia kwamba hapakuwa na kundi lisilopewa kalsiamu kabisa. Ushahidi kwamba kalsiamu inakinga unatokana na tafiti za awali.

Funzo kwa familia

Mjamzito asipunguze wala kuongeza dozi kwa uamuzi wake mwenyewe au kwa ushauri wa jirani. Amuulize mhudumu wa kliniki au mfamasia. Kalsiamu, iwe kidonge kimoja au vitatu, haichukui nafasi ya kupimwa shinikizo na mkojo katika kila hudhurio. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, au maumivu ya juu ya tumbo ni dalili za kumpeleka mama katika kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.