Ugonjwa wa Tope Miguuni mwa Punda

Mvua ikinyesha Kanyangi na pande nyingine za Kitui na Makueni, mkulima hufurahi, lakini punda wake huingia taabuni. Katika miezi ya Oktoba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei, njia za kwenda kisimani na sokoni hugeuka matope, na mnyama huyo hukanyaga humo kutwa. Ndipo ugonjwa wa tope huzuka. Katika nchi za baridi ugonjwa huu husumbua sana farasi. Ukambani, ambako farasi ni nadra, aupatao ni punda. Punda akichechemea, mtungi wa maji hurudi mgongoni mwa mama, na mazao hayafiki sokoni.

Tena siku hizi si rahisi kupata punda mwingine. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya 1,800,000 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha kama 1,200,000 tu. Katikati ya miaka hiyo wengi walichinjwa kwa ajili ya ngozi zao. Basi aliye naye yampasa amtunze.

Chanzo cha ugonjwa

Tope lenyewe silo liletalo ugonjwa. Mletaji ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho mganga wa wanyama Van Saceghem alikieleza mwaka 1915 katika Kongo ya Wabelgiji, na jina la nchi hiyo limo katika jina lake la kitaalamu: Dermatophilus congolensis. Kijidudu hiki hakiwezi kupenya ngozi kavu na nzima. Lakini ngozi ikiloa siku nyingi hulainika, na ikichubuliwa na mwiba, kamba au kupe, hupata mlango wa kuingia. Punda huloa upesi kuliko farasi, kwa maana asili yake ni nchi kame za Afrika ya kaskazini-mashariki, na manyoya yake hayazuii maji vizuri.

Dalili

Tazama nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato. Manyoya hushikamana mafungu mafungu kama brashi ya rangi, na chini yake huwa na vigaga vigumu. Kigaga kiking'olewa, huonekana ngozi nyekundu yenye majimaji au usaha. Mguu ukivimba na kuwa na moto, au punda akikataa kuukanyagia, ugonjwa umeingia ndani. Ng'ombe, mbuzi na kondoo nao hupatwa, zaidi mgongoni.

Matibabu

Kwanza, mpumzishe punda mahali pakavu. Bila ukavu hakuna dawa itakayofaa.

Pili, punguza manyoya ya mahali pale kwa mkasi, kisha lainisha vigaga kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Vinavyotoka kwa urahisi viondolewe. Visivyotoka viachwe hadi kesho, kwa maana kuving'oa kwa nguvu huumiza na kufungua kidonda kipya.

Tatu, osha kwa dawa ya ayodini iliyozimuliwa kwa maji hata ikawa na rangi ya chai isiyo maziwa. Iache kwa dakika kumi, suuza, kisha kausha kabisa kwa kitambaa safi. Rudia kila siku mpaka vigaga vikome.

Nne, vigaga vyote vichomwe moto. Kijidudu huweza kukaa hai ndani ya kigaga kikavu kwa miezi mingi, kikingojea mvua nyingine. Mwenye kuosha naye anawe mikono kwa sabuni, kwani ugonjwa huu huweza kumwambukiza mtu.

Usipake mafuta machafu ya gari wala mafuta mazito juu ya vigaga. Hayo huunguza ngozi na kufungia unyevu ndani, na kijidudu hustawi pasipo hewa ya kutosha. Mguu ukivimba, mwite daktari wa mifugo mapema. Yeye ndiye ajuaye kipimo cha sindano ya penisilini, na ndiye awezaye kuupambanua ugonjwa huu na upele. Mwulize pia juu ya chanjo ya pepopunda, kwani kila kidonda cha punda ni njia ya maradhi hayo ya kuua.

Kinga

Kabla ya mvua, jenga kibanda chenye paa mahali palipoinuka, na uweke changarawe au nyasi kavu chini. Jioni, acha tope likauke kisha ulipanguse kwa brashi. Likioshwa, mguu ukaushwe. Usimfunge punda miguu kwa kamba ichubuayo. Ogesha kupe kwa dawa, na kila mnyama awe na matandiko na brashi yake.

Kazi hii haichukui dakika nyingi kila jioni. Mwenye kuikagua miguu ya punda wake kila siku atauona ugonjwa ungali mdogo, nao wa siku chache hupona kwa sabuni, ayodini na mahali pakavu.